Andikeni Hata Mtoto wa Jana

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya jumuiya yetu ya Waswahili hapa Louisville, Kentucky. Waliokuwa kazini siku hiyo waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliotoka shifti ya usiku mkaja hapa bila kulala, asanteni sana.

Naomba nianzie Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Wengi humu ndani wamepita pale, na wengine wamepita kambi za Kakuma au Kyangwali, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Mnaikumbuka siku ya hesabu. Bado giza, foleni imeshajipinda mara mbili, na katikati ya foleni yupo mama kambeba mtoto wa siku tatu ndani ya kitenge, kitovu hakijadondoka. Babu mgonjwa kaletwa juu ya baiskeli, mjukuu mmoja anasukuma na mwingine anamshikilia asianguke. Hakuna aliyebaki nyumbani siku ile, maana jina lisipoingia kwenye kadi ya posho, unga wake hautoki. Sijawahi kusikia pale kambini mtu mwenye watoto saba akisema ana wanne.

Hapa Louisville nafanya kazi ya ukalimani, huu mwaka wa kumi na moja, na nasikia jambo hilo kila mara. Nimekaa katikati, mzazi upande huu, karani upande ule. Karani anauliza, "Mna watoto wangapi?" Mzazi ananitazama mimi kwanza, kisha anasema, "Wanne." Nami nawajua wote saba kwa majina. Leo nataka tuzungumze juu ya wale watatu wanaoachwa nje, kwenye fomu za ofisini na kwenye bahasha ya sensa inayokuja nyumbani.

Tuuangalie kwanza mji wenyewe, maana namba zake zina vituko. Sensa ya 1960 ilikuta watu 390,639 ndani ya mji wa Louisville. Ya 2000 ikakuta 256,231. Ndani ya miaka arobaini zaidi ya theluthi moja ya watu wametoka, wengi wakijenga nje ya mpaka, upande wa mashariki na wa kusini, ambako barabara kuu mpya zilifika na mashamba yakageuzwa viwanja. Halafu ukifungua sensa ya 2010 unasoma 597,337. Mtu asiyejua atadhani mji ulifumuka. Ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza mwaka 2003 serikali ya mji na serikali ya kaunti ya Jefferson ziliunganishwa, baada ya wananchi kupiga kura ya ndiyo mwaka 2000. Mpaka ndio uliosogea. Watu walilala shambani wakaamka mjini, kitanda ni kilekile.

Ukitaka ukweli, tazama kaunti, kwa sababu mpaka wake haukuguswa. Mwaka 1970 watu 695,055. Mwaka 2000 watu 693,604. Miaka thelathini imesimama palepale, tena imepungua kidogo! Halafu 2020 ikafika 782,969. Ni karibu elfu tisini walioongezeka katika miaka ishirini, na wahamiaji wana fungu kubwa katika ongezeko hilo: Wakuba, Wabosnia, Wasomali, Wabhutani wenye asili ya Nepali, nasi tuliotoka Kongo. Shule zilizokuwa zinapungukiwa watoto zilipata watoto. Viwandani na kwenye maghala ya mizigo, mashine zilipata mikono. Ukijumlisha kaunti za jirani na zile za ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Indiana, eneo lote hili la Louisville lina watu zaidi ya milioni 1.2. Sisi tumo ndani yake. Kama tumo wote, hapo ndipo penye shida.

Sasa kipato. Mtasikia kwenye redio wakitaja pato la kaya ya katikati. Maana yake ni hii: chukua kaya zote, zipange mstari mmoja kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, kisha tembea mpaka katikati ya mstari uulize, "Ninyi mnapata kiasi gani kwa mwaka?" Katika hesabu za miaka 2018 hadi 2022, kaya ya katikati ya Marekani ilikuwa na dola 75,000 hivi. Ya Kentucky ilikuwa na 60,000 hivi. Ukiendesha gari nusu saa tu hadi kaunti ya Oldham, ya katikati kule imepita 100,000. Kipimo hiki ni kizuri, maana tajiri mmoja hawezi kukivuta juu peke yake. Lakini kina upofu wake, na upofu huo unatugusa sisi kuliko wengi.

Kinapima kaya. Hakiulizi kaya ina watu wangapi.

Chukueni mfano. Nyumba ya kwanza ni bwana na bibi, hawana mtoto, kila mmoja analeta 36,000 kwa mwaka. Jumla 72,000. Nyumba ya pili ni baba, mama, kijana wao wa miaka ishirini na wadogo zake sita. Wanaofanya kazi ni watatu, na wakikusanya mishahara yote wanapata 72,000 ileile. Kwenye karatasi nyumba hizi mbili zinalingana kabisa. Nenda sasa jikoni. Nyumba ya kwanza, kila mdomo una 36,000. Nyumba ya pili, kila mdomo una 8,000. Kwa wastani kaya ya Kimarekani ina watu wawili na nusu. Kwetu sisi, watu wawili na nusu ni wale waliokaa kiti cha nyuma cha gari.

Basi sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Wizara ya Nyumba ya serikali kuu inapopanga nani anastahili nyumba za bei nafuu, inatazama kipato cha eneo, na ukomo wake unabadilika kwa idadi ya watu wa kaya. Msingi ni watu wanne. Kila mtu anayeongezeka, ukomo unapanda kwa asilimia 8 ya ule wa watu wanne. Tuseme, kwa mfano tu, ukomo wa watu wanne ni dola 54,000. Familia yetu ya watu tisa imeficha watoto watatu, imeandika watu sita. Ukomo wa watu sita ni 62,640. Wao wanapata 72,000. Wameambiwa, "Samahani, kipato chenu kimezidi." Wangeandika tisa, ukomo wao ungekuwa 75,600, wangeingia. Wale watoto watatu waliofichwa ndio waliokuwa wameshika ufunguo wa mlango.

Nimekaa kwenye meza ambapo jambo hili lilitokea. Si namba hizo hasa, lakini jambo ni hilohilo. Baba alitoka nje, akakaa ndani ya gari muda mrefu hajaliwasha. Alinishukuru kwa tafsiri nzuri. Tafsiri ilikuwa nzuri, ndiyo. Nilitafsiri "wanne" kwa usahihi kabisa, na mkalimani haruhusiwi kuongeza neno. Usiku ule sikulala. Ndiyo sababu nimeomba kusimama hapa leo, mahali ambapo sina kiapo cha ukalimani kinachonifunga mdomo.

Kwa nini tunaficha? Tusilaumiane, tuitaje sababu. Familia inafika, inapewa apatimenti ya vyumba viwili. Mkataba umeandikwa majina matano. Baadaye shangazi anafika, mtoto anazaliwa, mpwa anatoka Texas kutafuta kazi. Mzazi anaogopa: nikisema tuko tisa, mwenye nyumba atanitoa. Hofu hiyo ina msingi, sitaki kuidharau. Mkataba ni mkataba, na mtu mzima anayehamia kwako bila kuandikwa anaweza kukuletea barua mlangoni. Mwendeeni mwenye nyumba, mwombeni amwongeze, kwa maandishi. Lakini jueni pia kwamba tangu 1988 sheria ya nyumba ya nchi nzima inamkataza kuibagua familia kwa sababu ina watoto. Kuweka ukomo wa watu anaruhusiwa, mradi uwe wa haki. Mwongozo wa serikali wa 1998 unaona watu wawili kwa kila chumba cha kulala kuwa kiasi cha kawaida, na unataka itazamwe pia ukubwa wa chumba na umri wa watoto. Mtoto mchanga anayelala na mama yake hahesabiwi kama mwanamume wa futi sita.

Wako pia wanaoogopa hesabu yenyewe, na hao nawaheshimu zaidi, maana historia iko upande wao. Mji huu wa Louisville ulitunga sheria ndogo mwaka 1914 iliyotumia hesabu kama kufuli. Kama nyumba nyingi kwenye kipande cha mtaa zinakaliwa na Wazungu, mtu mweusi asihamie. Na kinyume chake vilevile, ili ionekane ni haki. Walihesabu nyumba moja moja. William Warley, Mmarekani mweusi wa hapahapa, aliweka saini ya kununua kiwanja kutoka kwa Charles Buchanan, Mzungu, kwa sharti kwamba atalipa ikiwa tu sheria itamruhusu kukaa pale. Walipanga ili kesi ifike juu, na ilifika. Tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliifuta sheria ile. Kila mnapopita mtaani kwenu kumbukeni kwamba kesi hiyo ilitoka hapa.

Lakini sheria ikifutwa, watu hawafutiki. Mwaka 1954 Andrew na Charlotte Wade, weusi, walitaka nyumba upande wa Shively, hawakuuziwa. Marafiki zao Wazungu, Carl na Anne Braden, wakanunua kisha wakawakabidhi. Mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, na mwezi wa Juni nyumba ikalipuliwa kwa baruti. Aliyefungwa alikuwa Carl Braden, kwa kosa la uchochezi; alihukumiwa miaka kumi na mitano, na baadaye hukumu ikatenguliwa. Kwa kuilipua nyumba hakufungwa mtu. Sheria ya mji ya kufungua nyumba kwa wote ilikuja Desemba 1967, baada ya maandamano ya miezi mingi. Ukisimama leo Ninth Street, mtaa unaotenga upande wa weusi na upande wa Wazungu, ukatazama magharibi kisha mashariki, unaona bei za nyumba bado zinakumbuka.

Na wakati wa vita kuu ya pili, takwimu za sensa ya 1940 zilitumika kujua Wamarekani wenye asili ya Japani wanakaa maeneo gani, kabla hawajapelekwa kambini. Kambini, ndugu zangu. Neno hilo sisi tunalijua. Kwa hiyo mtu akiniambia anaogopa kuhesabiwa, siwezi kumcheka.

Ninachoweza ni kumwambia sheria ya sasa. Jibu lako kwa Ofisi ya Sensa ni siri kwa miaka 72. Haliendi kwa mwenye nyumba, haliendi polisi, haliendi uhamiaji. Mfanyakazi wa sensa anayelitoa anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa hadi dola 250,000, na kiapo chake hakiishi hata akiacha kazi. Kuna hatari ya kuhesabiwa, na kuna hatari ya kutohesabiwa. Mimi nimezipima zote mbili, na ya pili ndiyo naiona kila siku.

Maana wanaoachwa wanajulikana. Sensa ya 2020 ilipokaguliwa na Ofisi ya Sensa yenyewe, ilionekana watu weusi walipungua kwa asilimia 3.3 kuliko idadi yao ya kweli, na watoto walio chini ya miaka mitano kwa karibu asilimia 2.8. Sisi ni weusi wenye watoto wadogo wengi. Piga hesabu mwenyewe. Tena mwaka ule kulikuwa na mwongozo wa Kiswahili, mmoja katika lugha 59. Wangapi waliuona? Na penye swali la asili, chini ya kisanduku cha mtu mweusi, kulikuwa na mstari mtupu wa kuandika unakotoka. Mifano iliyochapwa ilikuwa Mmarekani mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mhabeshi, Msomali. Mkongo hakutajwa. Ungeweza kuandika kwa mkono wako, lakini wengi waliruka.

Sasa kodi ya nyumba, nayo nitaisema kwa ufupi kwa sababu vijana washaanza kusinzia, na wana haki. Kipimo cha serikali ni kwamba nyumba isile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Mtu wa dola 18 kwa saa, saa arobaini kwa wiki, anapata 3,120 kwa mwezi kabla ya makato. Asilimia 30 yake ni 936. Mnaojua apatimenti ya vyumba vitatu kwa 936, nioneni baada ya kikao, nina familia tatu za kuwaletea. Kima cha chini cha Kentucky bado ni 7.25 kwa saa, kilekile cha nchi nzima tangu Julai 2009. Baraza la mji wetu lilipitisha Desemba 2014 kupandisha hadi 9, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kentucky ikasema mji hauna mamlaka hayo. Kwa hiyo tunafidia kwa ovataimu, na mtoto analelewa na dada yake.

Mnaoingia nyumba mpya, msitoe dhamana kabla hamjapewa orodha ya uharibifu uliokuwepo. Sheria ya hapa inamtaka mwenye nyumba aitoe, na dhamana aiweke kwenye akaunti yake ya peke yake. Piteni na orodha mkononi, mfungue kila bomba, muinue zulia. Mama mmoja alidaiwa doa la rangi ya kahawa sebuleni, na kwao hakuna anayekunywa kahawa. Pesa ilirudi kwa sababu binti yake wa darasa la sita alikuwa amepiga picha doa lile siku ya kwanza, akimtumia bibi yake aliye Kigoma kumwonyesha nyumba mpya.

Wanaotaka kununua nao nawaombea. Nyumba ya mkopo wa dola 200,000 kwa miaka 30, riba ikiwa asilimia 3, unalipa 843 kwa mwezi. Ikiwa 7, unalipa 1,331. Mwanzoni mwa 2021 riba ilikuwa chini ya 3, na Oktoba 2023 ilikaribia 8. Nyumba ni ileile, paa lilelile. Wenzetu walioingia mapema wana bahati ambayo si akili, na waliochelewa wasijione wajinga. Riba ikipungua, atakayeingia kwanza ni mwenye historia ya kulipa. Wengi wetu historia yetu ya kwanza ya mkopo ni tiketi ya ndege tuliyokopeshwa kuja nayo. Mliokuwa mkitupa zile barua za kulipia tiketi mkidhani ni matangazo, tuonane.

Nirudi kwenye bahasha ya sensa, maana ndiyo niliyojia. Mbali na sensa kubwa ijayo ya 2030, kila mwaka Ofisi ya Sensa inatuma dodoso kwa anwani zipatazo milioni 3.5. Wanauliza kipato, kodi unayolipa, idadi ya vyumba, lugha mnayozungumza nyumbani. Swali hilo la lugha ndilo linaloonyesha Waswahili wako wangapi katika kaunti hii, shuleni na hospitalini. Ikikufikia, kujibu ni wajibu wa kisheria.

Fomu yenyewe imechorwa kwa watu watano. Watano ndio wenye nafasi ya maelezo kamili. Kuanzia wa sita hadi wa kumi na mbili wamewekewa sehemu ndogo ya jina, jinsia na umri, na nyumba nyingi zetu zinaishia kwenye tano kwa sababu zinadhani karatasi imekwisha. Haijaisha.

Juzi nilikuwa jikoni kwa mama mmoja, yumo humu, kaniruhusu kusema. Sufuria ya maharage inachemka, karatasi tumeiweka juu ya magazeti isipate mafuta. Tumeandika wanane. Nikashika kofia ya kalamu niifunge. Akaniambia, "Na huyu?" akageuka anionyeshe mgongo. Wiki tatu, amelala. Nikaandika jina lake mstari wa tisa, mama akalisoma herufi kwa herufi kuhakikisha. Penye umri, maelekezo yanasema mtoto ambaye hajafikisha mwaka aandikiwe sifuri. Mama akanikamata mkono. "Sifuri si hayupo?" Nikamsomea maelekezo yote, neno kwa neno, mara mbili, ndipo akaniachia niandike.

Mimi niko pale kwenye meza ya dirishani mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenye bahasha aje nayo, hata kama imeshafunguliwa, hata kama watoto wameichora.